Mjomba Fisi na Miiko ya Nyama za Harusi

"Jamani, hodi na ngano!"

"Karibu nayo! Ina chumvi?"

"Imekolea!"

"Ina ukweli?"

"Ukweli nimeuacha nyumbani ukichunga mlango!"

"Basi mwaga!"

Namwaga, lakini namwaga kwa utaratibu. Atakayenikatiza kuniuliza mwisho ulivyokuwa, nitarudi mwanzo, na sote tutalala na njaa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakialikana harusini na kusutana kama wafanyavyo watu, Bi Nguchiro alikuwa akiishi ndani ya kichuguu pembezoni mwa mbuga. Nguchiro ni mnyama mdogo, mwembamba, mwenye miguu mifupi na pua iliyochongoka, ambaye akipita majanini hujui kama ni yeye au ni upepo: fyu! amekwisha pita. Bi Nguchiro alikuwa mjane, na Mungu alikuwa amemjalia mabinti, mabinti, mabinti. Ukiinua jani, binti. Ukifunua kapu, binti. Ukikaa chini bila kutazama, unasikia sauti ikisema, "Shikamoo, umenikalia!"

Upande wa pili wa mbuga aliishi Fisi. Fisi hahitaji maelezo marefu. Ni tumbo lililopewa miguu minne na kicheko.

Sasa, ili tusichanganye mambo, nitaanza na undugu, nitafuatisha desturi, kisha ndipo nitakapofunua vyungu.

Undugu ulikuwa hivi. Mwaka mmoja wa njaa, marehemu baba yake Bi Nguchiro alikutana na marehemu baba yake Fisi kwenye njia nyembamba isiyo na pa kukimbilia. Kabla hajaliwa, alisema upesi, "Bwana mkubwa, kwa nini tusichanjiane tukawa ndugu?" Fisi mzee, ambaye hakuwahi kukataa jambo lolote lenye kula ndani yake, alikubali. Wakachanjana chale kifuani, na kila mmoja akala kipande cha ini kilichopakwa damu ya mwenzake. Baba Nguchiro akaokoka. Baba Fisi akalalamika kwamba ini lilikuwa dogo. Tangu siku hiyo watoto wao wakawa kaka na dada, na Fisi akawa mjomba wa wale mabinti wote.

Desturi nayo ilikuwa hivi. Mjomba ndiye mlinzi wa miiko ya ukoo. Yeye ndiye ajuaye nyama ipi haipatani na kinywaji kipi, na tunda lipi lisikutane na mnofu upi ndani ya tumbo moja. Siku ya harusi, kila chungu hupitishwa kwanza mbele yake. Chungu atakachokila ni chake. Chungu atakachokipita ni cha wakwe. Na mwiko atakaoutangaza mbele ya wakwe haufutiki tena, si kwa mvua wala kwa machozi.

Ni desturi nzuri kabisa, iwapo mjomba ni swala. Lakini mjomba huyu alikuwa Fisi, na Fisi hakuwahi kukipita chungu. Na miiko? Hakuujua hata mmoja. Baba yake alijaribu kumfundisha, lakini kila alipotaja jina la nyama, mwanafunzi alitokwa na udenda, tiririri, mpaka somo likalowa. Jambo hilo Fisi hakumwambia mtu.

Katika harusi ya Mwajabu, binti mkubwa wa Bi Nguchiro, Fisi alikula chungu kilichotangulia, akala kilichofuata, akala kilichobaki, kisha akala majani yaliyofunikia vyungu. Wakwe walikaa mkekani wakitazama vyungu vikigeuzwa juu chini. Mwishowe baba wa bwana harusi alisimama, akakung'uta nguo yake, akasema, "Tulikuja kuoa, hatukuja kufunga." Wakaondoka, na bwana harusi wao wakaondoka naye. Mwajabu akabaki na hina mikononi na machozi ya kuioshea.

Sasa ilikuwa imefika zamu ya Sikudhani, binti anayemfuata. Wachumba walitoka Korongoni, nguchiro wenye heshima zao, wakiongozwa na baba wa bwana harusi, Mzee Shekiondo, ambaye alisema polepole na kula upesi. Mzee huyo, kwa kuwa habari za Mwajabu zilikuwa zimemfikia, alituma neno mapema: watakula, au watarudi kwao. Na Bi Nguchiro alijua kwamba wakirudi hawa, hakuna ukoo mwingine utakaokanyaga tena kichuguu chake kuulizia binti.

"Mama," Mwajabu alisema, "mfungie mlango."

"Mjomba hafungiwi mlango, mwanangu. Ataingia na mlango wenyewe shingoni."

"Basi mwambie ukweli, kwamba anakula mno."

"Nikimwambia hivyo, atasikia 'anakula', hatasikia 'mno'."

"Sasa utamfanya nini?"

"Nitamheshimu," alijibu Bi Nguchiro. "Nitamheshimu mpaka achoke."

Asubuhi ya harusi vyungu vilitokota, tokotoko, tokotoko. Kulikuwa na kambale wa kukaushwa kwa moshi. Kulikuwa na kuku wa mchuzi, ambaye njia aliyofikia kichuguuni hatutaiulizia. Kulikuwa na minofu ya nyati. Na kulikuwa na chungu kikubwa cha mbuzi, ambacho ndicho hasa chungu cha ndoa, kwa sababu bila wakwe kula mbuzi, ndoa haifungwi. Kisha, pembeni, mahali pake peke yake, Bi Nguchiro aliweka kibuyu cha maziwa, bakuli la asali, chane ya ndizi mbivu na mtungi wa togwa.

"Na hivi vya pembeni, mama?"

"Hivyo ni vya heshima."

Wakwe wakafika, wakaketi mkekani. Baada yao, kwi-kwi-kwi-kwi! kicheko kikatangulia, Fisi akafuata.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Viko wapi?"

"Vinakuja, kaka, vinakuja. Lakini umetoka mbali na jua ni kali. Lainisha koo kwanza."

Akapiga magoti, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Fisi hakuuliza kilichomo. Gu-gu-gu-gu-gu! Kibuyu kikalia pwaa, kikabaki kitupu. Fisi akaramba sharubu nyeupe, akaketi mahali pa mjomba.

Mwajabu akaleta chungu cha kambale, akakifunua. Moshi ukapanda. Fisi akafungua kinywa, haaa, mpaka wakwe wakaona alichokula mwaka uliopita.

"Kaka," alisema Bi Nguchiro, kwa sauti iliyofika mkekani, "kabla hujala, niondolee ushamba. Ule mwiko wa kambale na maziwa, unawahusu watoto peke yao, au hata watu wazima?"

Kinywa cha Fisi kikabaki wazi. Wakwe waligeuza shingo, wote kwa pamoja. Mlinzi wa miiko aseme hajui? Mbele ya Korongoni nzima?

"Najua!" alisema Fisi. "Nani asiyejua? Unawahusu hata watu wazima. Hasa watu wazima!"

"Afadhali nimeuliza. Maana wapo wanaobisha kwamba kambale akikuta maziwa tumboni hafufuki."

"Hufufuka," alisema Fisi, akipapasa tumbo lake. "Hufufuka... mara moja."

"Na kwamba haogelei akitafuta pa kutokea."

"Huogelea."

"Kwa kupapasa na zile sharubu zake."

Fisi alikitazama chungu. Kambale naye, kutoka ndani ya mchuzi, alimtazama Fisi, na sharubu zake zilikuwa ndefu.

"Kwa sharubu," Fisi alikubali, na sauti ilikuwa imempungua.

Mzee Shekiondo alitikisa kichwa kwa heshima. "Huu ni ukoo wenye elimu," aliwaambia wenzake. "Sisi Korongoni tungekufa bila kujua."

"Basi chungu kipite, kaka?"

"Ki... kipite."

Je, chungu kikapita? Kikapita! Kikaenda wapi? Kwa wakwe! Wakwe, ambao hawakuwa wameonja hata tone la maziwa, walimwangukia kambale, nyam-nyam-nyam, mpaka miiba ikabaki inang'aa.

Fisi alisikiliza nyam-nyam ile kwa uchungu. Lakini Bi Nguchiro alimwinamia akamwambia, "Usisikitike, kaka, vyungu vinono vingali vinakuja. Na ile dawa ya kuondoa maziwa tumboni si ni asali? Au watu wamenidanganya?"

"Asali! Nani amekudanganya? Ilete upesi!"

Bakuli likaletwa. Fisi aliramba, lamba-lamba-lamba, akaramba na pua yake, akaramba na kidole cha Mwajabu kilichokuwa kimeshika bakuli.

"Leteni kuku!" alinguruma.

Mwajabu akaleta chungu cha kuku, akakifunua. Fisi akafungua kinywa, haaa.

"Kaka," alisema Bi Nguchiro, "samahani, niondolee ushamba tena. Mtu aliyekula asali akafuatisha kuku, mabawa humwota begani au kiunoni?"

Haaa ikawa heee.

"Najua!" alisema Fisi. "Nani asiyejua? Humwota... mabegani."

"Ndiyo maana! Asali hutoka kwa mwenye mabawa, na kuku mwenyewe ana mabawa, wakikutana ndani..."

"Wanaungana," alisema Fisi, ambaye sasa alikuwa anaelewa miiko yake mwenyewe vizuri zaidi na zaidi.

"Na mtu huyo hupaa."

"Hupaa."

"Na akipaa, kaka, hushukia wapi?"

Fisi alitazama angani. Palikuwa mbali. Hapakuwa na mzoga hata mmoja kule juu. Akajiwazia akiwa fisi wa kwanza kuishi mawinguni, chini yake harusi zikifanyika moja baada ya nyingine, na yeye anazunguka tu kama jani. Miguu yake ikaishika ardhi kwa kucha.

"Hashuki," alisema. "Kipite."

Je, chungu kikapita? Kikapita! Kikaenda wapi? Kwa wakwe! Nyam-nyam-nyam, kwachu-kwachu, na Mzee Shekiondo akala firigisi ambayo kwa haki ilikuwa ya mjomba.

"Na dawa ya kutuliza asali, kaka," Bi Nguchiro alinong'ona, "si ni ndizi? Au ni maneno ya mitaani?"

"Ndizi! Maneno ya mitaani yametoka wapi? Lete chane nzima. Sitaki kupaa."

Fisi akala chane nzima, pa, pu! ndizi ikaingia, ganda likatoka. Alipomaliza, alijipigapiga tumbo, nalo likaitikia dubwi. Maziwa yalikuwamo, asali ilikuwamo, ndizi zilikuwamo. Nyama haikuwamo.

Mwajabu akaleta minofu ya nyati. Bi Nguchiro akafungua kinywa ili aombe kuondolewa ushamba. Lakini Fisi alikuwa amekwisha onja utamu mwingine, utamu wa kutazamwa na wakwe kwa macho ya kuhusudu elimu yake. Akainua mguu wa mbele.

"Ngoja, dada! Usiseme! Hapa pana mwiko, ninauona mwenyewe!"

"Upi, kaka?" aliuliza Bi Nguchiro, na mshangao wake ulikuwa wa kweli.

"Ndizi na nyati!"

"Ee! Na mimi nilikuwa nimeusahau kabisa!"

Fisi alisimama, akawageukia wakwe, akatanua kifua. "Sikilizeni vizuri, Korongoni. Ndizi huteleza. Nyati ni mzito. Mzito akikanyaga penye kuteleza..."

"Anaanguka!" waliitikia wakwe.

"Anaanguka ndani ya tumbo la mlaji. Dubwa!"

"Na akishaanguka, mjomba," aliuliza Mzee Shekiondo polepole, kwa nia njema ya kujifunza, "nyati yule hutokea upande gani?"

Swali hilo Fisi hakuwa amejiandaa nalo. Akafikiri. Akageuka akatazama mkia wake.

"Nyuma," alisema.

Waliokuwa wameketi nyuma yake wakasogeza mkeka.

"Kipite!" alitangaza Fisi kwa kishindo, na watu wakampigia vigelegele, na vigelegele vilikuwa vitamu mno hata nyati alikuwa amekwisha kuliwa nusu Fisi alipokumbuka kwamba alimtaka. Nyam-nyam-nyam.

"Na dawa ya kuzuia utelezi..." alianza Bi Nguchiro.

"Togwa!" alimaliza Fisi, kwa kuwa mtungi wa togwa ndio uliokuwa umebaki pembeni na alikuwa ameuona tangu mwanzo. "Najua! Nani asiyejua?"

Gu-gu-gu-gu-gu. Mtungi ukalia pwaa.

Hatimaye Mwajabu na wadogo zake walileta chungu kikubwa, wakikisukuma kwa mabega, hee-ya, hee-ya, wakakiweka mbele ya mjomba. Kifuniko kikaondolewa. Harufu ya mbuzi ilitoka, ikamzunguka Fisi, ikamshika masikio, ikamkalia puani. Macho yakamlegea. Tangu asubuhi meno yake hayakuwa yamekutana na mnofu. Yalikuwa yakigongana yenyewe kwa yenyewe, ka-ka-ka.

"Kaka," alisema Bi Nguchiro, na moyo wake ulikuwa ukipiga pi-pi-pi, kwa sababu hiki ndicho chungu cha ndoa, "niondolee ushamba mara ya mwisho. Togwa ni nafaka, na mbuzi akiona nafaka hana adabu, huinuka akala. Sasa, akishaimaliza togwa iliyomo, humgeukia mlaji wake. Huanzia kwenye maini au kwenye figo?"

"Kwenye maini," alisema Fisi. "Najua. Nani asiyej..." Akanusa. "Anile!" alipiga kelele. "Maini ni yangu, figo ni zangu, na mbuzi ni wangu! Tutalana, atakayewahi amewahi!"

Akaruka, pwata! akakikumbatia chungu kwa miguu yote, kichwa juu ya mchuzi, taya wazi.

Bi Nguchiro alitafuta neno, neno likakosekana. Sikudhani, bibi harusi, akasimama ndani ya kanga zake mpya, rangi ikimtoka. Mwajabu akafumba macho; alikuwa ameliona jambo hili kabla na hakutaka kuliona tena.

Ndipo Mzee Shekiondo aliposimama. Alikuwa na nyati shavuni, kwa hiyo alitafuna kwanza, akameza, kisha akasema kwa taratibu zake zote:

"Mjomba. Sisi tumekusikia ukitangaza. Kwetu Korongoni, mlinzi akiuvunja mwiko alioutangaza kwa kinywa chake, ujomba humtoka papo hapo. Je, kwenu ni tofauti?"

Taya za Fisi zilisimama pale zilipokuwa.

Na ulimi wa Bi Nguchiro ukarudi.

"Si tofauti, mkwe wangu," alisema kwa huzuni kubwa. "Humtoka. Lakini msimzuie kaka yangu, ana njaa. Kula, kaka, kula kwa raha zako! Kwa harusi zinazokuja nitamweka Nyegere. Ameniomba nafasi hiyo siku nyingi."

"Harusi zipi zinazokuja?" aliuliza Fisi, na sauti yake ilitokea ndani ya chungu.

"Mabinti!" aliita Bi Nguchiro. "Jitokezeni mumuage mjomba!"

Fyu! akatoka mmoja chini ya mkeka. Fyu! fyu! wakatoka wengine tunduni. Fyu! nyuma ya mtungi, fyu! ndani ya kapu, fyu-fyu-fyu! kutoka kila upenyo wa kichuguu, wakubwa, wa kati, wadogo, na mchanga ambaye hajafumbua macho akabebwa mgongoni. "Kwaheri, mjomba! Kwaheri, mjomba! Kwaheri, mjomba!"

Fisi akainua kichwa, mchuzi ukimning'inia kwenye ncha ya pua. Hakuona mabinti. Aliona vyungu. Aliona mbuzi wakubwa na mbuzi wadogo, wamepangwa safu, wanapepesa macho, wanamwambia kwaheri. Akakitazama kile chungu kimoja kilichokuwa kifuani pake. Akaitazama tena safu. Akakitazama chungu. Kisha akamwazia Nyegere, ameketi mahali hapa, anajilamba.

Miguu yake iliachia chungu mmoja mmoja, ule wa mwisho kwa shida sana.

"Kipite," alisema, na chozi likadondoka, to! "Kipite, kwa sababu mwiko ni mwiko."

Kikapita? Kikapita! Kikaenda wapi? Mnapajua! Mzee Shekiondo akala ini la mbuzi mbele ya watu wote, ndoa ikafungwa, vigelegele vikapasua kichuguu upande mmoja. Wakwe wakala mpaka mikanda ikalegezwa. Na mdogo wake bwana harusi, ambaye tangu chungu cha kambale hakuwa akitazama chakula, aliuliza, "Samahani, mama, huyu dada anayefunua vyungu, ameposwa?" Mwajabu akajificha uso kwa kifuniko cha chungu. Alichosema nyuma ya kifuniko hakikusikika vizuri, lakini kifuniko kilitikisika kutoka juu kwenda chini, si kutoka kushoto kwenda kulia.

Bi Nguchiro alimsindikiza kaka yake hadi njiani.

"Ahsante kwa elimu, kaka. Harusi ijayo nitakuwekea kibuyu kikubwa zaidi."

"Fanya hivyo, dada," alisema Fisi, akijikaza kama mtu wa heshima. "Bila mimi mngeangamia."

"Tungeangamia wote," alikubali Bi Nguchiro.

Fisi akaenda zake, na tumbo likaenda naye, chubwi-chubwi, chubwi-chubwi, maziwa juu ya asali, asali juu ya ndizi, ndizi zikielea ndani ya togwa. Alipofika pangoni jua lilikuwa lingali juu, na mkewe alikuwa ameketi mlangoni.

"Mume wangu, umeniletea nini kutoka harusini?"

"Elimu."

Mke wa Fisi alimtazama mikononi. Akamtazama nyuma, asije akawa ameiburuta. "Elimu gani?"

Fisi akaketi akamsimulia kwa utaratibu: kambale na sharubu zake, kuku na mabawa, nyati na utelezi, mbuzi na maini. Akamweleza vile wakwe walivyoduwaa. Akamweleza vile vigelegele vilivyolia. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, akiitikia "mh" na "kumbe", na hakucheka, ingawa yeye ni fisi na kicheko ndiyo kazi yake.

Fisi alipomaliza, pua yake ilicheza. Nyuma ya mkewe, juu ya makaa, palikuwa na paja la pundamilia, nono, linachuruzika mafuta, chwii, chwii. Mkewe alikuwa ameliokota mwenyewe alfajiri. Fisi akainuka, akalisogelea, akafungua kinywa, haaa.

"Mume wangu," alisema mkewe kwa upole, "wewe uliye mjuzi, niondolee ushamba. Mtu aliyekunywa togwa akafuatisha paja la pundamilia, ile mistari humtoka mgongoni au usoni?"

Fisi alisimama. Alilitazama paja. Alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye, macho makavu, akisubiri.



"Usoni," alisema Fisi kwa sauti ndogo sana. "Najua. Nani asiyejua?"

"Basi kaa mbali kidogo, baba watoto, nisije nikafiwa."

Akalivuta paja, akaliweka mapajani, akaanza. Kwachu. Kwachu. Kwachu.

Sasa mnangoja funzo, na funzo ni hili. Watoto wazuri, heshimuni miiko yote ya nyama, iliyotangazwa na itakayotangazwa. Fisi aliiheshimu yote kwa siku moja, na mwangalieni: hakupapaswa na kambale, hakuota mabawa, hakuangukiwa na nyati, hakuliwa na mbuzi, na uso wake haukupata mstari hata mmoja. Hakuna aliyewahi kutoka harusini akiwa salama kuliko yeye. Na mkiulizwa jambo msilolijua, jibuni upesi, kwa sauti kubwa, mkiwa mmesimama. Ndivyo elimu inavyopatikana.

"Ngano yangu imefika ukingoni!"

"Imefanyaje?"

"Imekunja nguo, imevuka!"

"Ikishavuka?"

"Hairudi!"

"Na sisi tulio ng'ambo hii?"

"Nendeni mkale, na asiulizwe mtu swali!"